Mazoezi ya King'ora

King'ora kipya kililia asubuhi, na watu wa mji wakaanza kupanda kilimani kama walivyoelekezwa. Wafadhili kutoka nje walikuwa wameleta mitambo ya kupima matetemeko chini ya bahari, na siku hiyo ilikuwa ya mazoezi. Bi Ruzuna hakuinuka mkekani. Alikuwa katika eda, na tangu mumewe azikwe alikuwa hajavuka kizingiti.

Wifi yake, Mwanakheri, alisimama mlangoni na viatu miguuni.

"Twende, wifi. Wageni wanahesabu watu huko juu."

"Waniache mimi. Mungu kaniruhusu kutoka penye hatari, si penye mazoezi."

"Na siku ya hatari utaijuaje? Mlio ni huu huu."

Bi Ruzuna alivuta tasbihi kidogo kabla ya kujibu. "Siku hiyo utakuja wewe unikokote."

"Unavyopenda kukokotwa. Hata siku ya harusi yako kaka alikusubiri mpaka wali ukapoa."

Wakacheka kwa sauti ya chini, kama wanavyocheka watu wa nyumba ya msiba. King'ora kikanyamaza. Uchochoroni hapakuwa na mtu, milango yote ilikuwa wazi, na sufuria ya jirani ilitoa harufu ya kuungua.

Mara kikalia tena.

"Hawakusema kitalia mara mbili," Mwanakheri alisema.

"Labda bado wanajaribu."

"Labda."

Bi Ruzuna aliinuka, akachukua buibui lake msumarini, akaenda nalo mpaka kwenye ndoo ya udhu. Akainama, akazuia pumzi, akayatazama maji kuona kama yametulia au yanatetemeka.