Neno la Baba Mkwe

"Sitoi!" mzee akafoka, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Kata!" Mwongozaji akajifuta jasho. Hilo silo neno lililoandikwa. Katika mchezo ule wa kale wa posa, uliovunja watu mbavu jukwaani tangu enzi za babu zao, baba wa binti hugoma na kugoma, kisha mwishoni husema, "Nimekubali, mchukueni." Mzee huyu alikuwa mwigizaji mstaafu, na neno hilo alilitamka jukwaani karibu maisha yake yote. Leo, mbele ya kamera, lilikuwa limemkwama kooni.

Na mwongozaji alikuwa na njaa nalo. Filamu ilikuwa kisingizio tu. Binti wa kwenye mchezo alikuwa binti wa mzee kwelikweli. Mposaji alikuwa mwongozaji mwenyewe. Wale washenga waliobanana kwenye kochi ndani ya suti za kuazima walikuwa wajomba zake wa damu. Kila alipotuma posa nyumbani kwa mzee, jibu lilikuwa hapana. Basi akapiga hesabu zake: mzee akishatamka mbele ya mashahidi na kamera, atayameza vipi maneno yake?

"Baba, tufuate maandishi," alisema kwa sauti ya asali.

"Maandishi yako yana kasoro. Binti yangu hana hata neno moja."

"Hata jukwaani hakuwa nalo, baba. Anainamisha kichwa tu, watu wanaelewa."

"Wanaelewa nini?"

"Kwamba anataka."

Mzee akamtazama binti yake. Alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyoelekezwa, vidole vikisokota pindo la gauni, machozi yakimlengalenga. Mwongozaji aliyaona machozi hayo, akajiambia: Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki! Maskini, anateseka kwa ukaidi wa baba yake.

Mwongozaji akarudi mezani kwenye kiti chake cha mposaji, taa zikawashwa tena, chumba kikawaka joto. Mpiga picha akainua kidole: tayari.

"Tumekuja kuomba jiko," mjomba mkubwa akasema, ulimi mzito.

Mzee akainua kikombe, akakirudisha mezani. Mjomba mdogo akasahau kwamba anaigiza, akaanza kuuma kucha. Mwongozaji akaomba kimoyomoyo. Sema, mzee. Neno moja tu, unipe maisha yangu.

Mzee akasimama. Hilo nalo halikuandikwa, lakini mwongozaji hakuthubutu kusema kata. Mzee akaizunguka meza taratibu, akamwekea binti yake mkono begani, na uso wake wote ukalainika. Mwongozaji akajua: amekubali. Chini ya meza alikunja ngumi kwa furaha, akampa mpiga picha ishara asogee karibu, lisipotee hata neno.

"Mwanangu," mzee akasema, "kila walipokuja nimewakatalia, kama ulivyoniomba. Nimeitwa mkaidi, nimeitwa katili, nikakaa kimya nisikuaibishe. Lakini huyu bwana, 'hapana' ya baba haimwingii. Haya, kamera inarekodi na mashahidi wapo. Inua kichwa, umwambie mwenyewe."