Taa Juu ya Meza ya Randa

Fundi wa msumeno na fundi wa randa walikataa kufanya kazi chumba kimoja, na mimi msimamizi niliambiwa nimfukuze mmoja kabla ya jioni.

Sikutaka. Nilizima msumeno nikawakalisha uso kwa uso. Fundi wa randa ni kiziwi, kwa hiyo dada yake, anayetushonea mito ya makochi, alikaa kati kutafsiri ishara.

"Leo hakuna kujitetea," nikasema. "Kila mtu aseme kinachomuudhi mwenzake."

Mzee wa msumeno akacheka. "Mimi nimsemee huyu?"

"Wewe, mzee wangu."

Akajikuna shingo. "Haya. Nikimwita namrushia vipande vya mbao. Kama kuku."

Kiziwi akaitikia kwa kichwa. Zamu yake ilipofika, alilaza kiganja mezani kama anayesukuma ubao kwenye msumeno. Kwa mkono wa pili akaigonga meza kwa nguvu, vile anavyotuita siku zote. Kiganja kikaruka. Akakunja kidole kimoja, taratibu, akakificha.

Dada yake akamgeukia mzee.

"Kumbe anajua akigonga nashtuka msumenoni," mzee akasema.

"Amejua sasa hivi," dada akajibu.

"Basi meza zetu zitazamane. Akinitaka, apunge mkono."

"Itabidi msumeno uondoke hapo dirishani penye mwanga, mzee," nikamwonya.

"Uondoke. Shika huko tuusogeze."

Ilitugharimu taa moja ya kumwitia kiziwi, waya wa kuifikisha kwenye swichi ya mzee, na dirisha ambalo mzee alikaa kando yake tangu nywele zake zikiwa nyeusi.