Alama za Bwana Teke

Siku hizi sisi wahakiki wa filamu hatuandiki. Tunabandikwa kidude kifuani, moyo unatoa alama kati ya mia, na mji mzima unazisoma kabla hujafika nyumbani. Kidude chenyewe hakivuliwi, hata ukilala.

Nilikwenda kutazama Bwana Teke Amerudi nikiwa nimenuna. Ile ya kwanza niliipa nne. Steringi, Bwana Teke mwenyewe, alivaa bukta nyekundu juu ya suruali, akapigana na pweza wa mpira. Hii ya pili ilikuwa upuuzi uleule, ila pweza walikuwa watatu.

Halafu akaruka. Kamba iliyomshikilia ilionekana waziwazi. Alikuwa amemfunga mama yake mgongoni kwa kanga, kama mtoto, wakapita juu ya mapaa ya Tandika huku bibi yule akicheka. Mimi Skolastika, mwenye wajukuu wanne, nilijikuta nimesimama, mikono juu, machozi yananitiririka.

Nilifika nyumbani bado naelea. Mume wangu, Kassian, alikuwa mezani na simu yake.

"Tisini na tisa," alisema. "Hongera, mama Tusa."

"Ungeiona, baba Tusa! Kamba unaiona kabisa, na bado anaruka!"

Alinimiminia chai taratibu, kama kila jioni.

"Na siku ile niliporudi mzima kutoka hospitali," aliuliza, "kidude kilisoma ngapi?"

Arobaini na moja. Nilikuwa naikumbuka vizuri.

Nikakifunika kidude kwa kiganja, nikamwomba sukari.