Amplifaya ya Marehemu

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshatundika mzani wake wa ndoano mlangoni, na Nyamvula bado anachomelea. Ndani ya amplifaya kuukuu ya marehemu mumewe alikuwa akifunga bodi ya sauti aliyoichomoa kwenye televisheni mbovu.

"Inuka, shemeji," alisema Masudi, mdogo wa marehemu. "Ufundi umekwenda na mwenyewe. Wewe ulikuwa unamshikia tochi tu."

"Miaka ishirini nimemshikia tochi," Nyamvula alijibu bila kuinua uso. "Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?"

Masudi akacheka, akamgeukia mnunuzi. "Anza na hilo dude la mezani. Ndilo zito."

Mnunuzi akanyoosha mikono. Nyamvula akamwelekezea ncha ya chuma cha kuchomelea, ingali inafuka moshi, na mikono ikarudi ilikotoka.

Akachomeka plagi ukutani. Kisha akalowesha kidole kwa ulimi, akagusa waya wa kuingizia sauti, kama marehemu alivyozoea kufanya kila alipotaka kujua mashine ni hai au imekufa.

Kimya.

"Si nilisema?" Masudi akaguna.

Nyamvula hakuondoa kidole. Kwa mkono wa pili akageuza kitufe cha sauti, taratibu, mpaka spika iliyounganishwa nayo ikaanza kunguruma. Akazidisha. Vikombe vikagongana kabatini. Masudi alisema neno, midomo ikaonekana ikicheza, sauti haikusikika.

Akazidisha tena. Pale mlangoni mzani ukatetemeka, ndoano yake ikiwa tupu.