Tunazika Leo

Mama alitoka chumba cha maiti macho makavu. "Ni yeye," akamwambia askari. "Tunazika leo."

Mjomba alishtuka. Asubuhi ile ile dada yake huyu alikuwa akilitikisa geti la kituo cha polisi: "Mmeniulia mwanangu! Tangu lini fundi wa gereji, mzima kama chuma, akafa kwa presha mahabusu?" Yeye ndiye aliyetaka mwili upasuliwe, ijulikane kapigwa na nani. Yeye ndiye aliyemsumbua wakili mpaka akaja.

Sasa alimwambia wakili, "Ahsante, baba. Nenda kapumzike."

"Dada, kulikoni? Acha nimwone mpwa wangu."

"Huingii." Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nimezaa mimi, nimetambua mimi."

"Hata sisi tulimjua kwa jina kwenye ovaroli," askari alidakia. "Yule fundi mwenzake tuliyemkamata naye, aliyeruka ukuta wa kituo, tunamsaka. Tukimtia mkononi, atakiona cha mtema kuni."

Kisha, mpole kama si yeye, akawapa gari la kubebea jeneza. Mjomba hakupenda. Fisi hakusindikizi bure.

Njiani alimnong'oneza dada yake, "Wamekuhonga?"

"Nyamaza, kaka."

"Basi wamekutisha. Damu ya mtoto wako hiyo, dada! Inafukiwa kama takataka!"

"Mdomo wako hauna mlango? Nimesema nyamaza."

Makaburini askari wawili walisimama kando, mikono nyuma, wakitazama nani analia na nani halii. Mjomba uvumilivu ulimshinda. Dada yake alipogeuka kupokea pole ya jirani, aliinua kifuniko cha jeneza, akafunua shuka.

Sura ilikuwa imevimba, jicho moja limefumba. Lakini lile pengo la meno ya mbele alilijua. Kila alipopita gereji kumsalimu mpwa wake, lilimchekea. Na pale gereji, kila fundi huvaa ovaroli anayoikuta msumarini.

Kabla hajatamka neno, dada yake alishamrukia shingoni, kamng'ang'ania kama mfiwa aliyezidiwa, mdomo sikioni.

"Lia, kaka. Lia kwa sauti, wanatutazama. Wetu ndiye aliyeruka ukuta, na aliyezikwa hatafutwi. Mama yake huyu nitampigia magoti mwenyewe."