Bwana wa Mlangoni

Sheria ilitaka kila gofu lifanane na picha yake ya kwanza. Kwa hiyo Fulgencio aliajiriwa kusimama mlangoni pa hekalu la Wamaya, kama bwana aliyeonekana kwenye picha ya kwanza ya hekalu hilo. Balaa ni kwamba kamera ya kale ilikawia kunasa, bwana yule akageuzageuza kichwa, kikatoka na ukungu pichani. Basi Fulgencio naye alitikisa chake kutwa kama anayekataa, na hata nyumbani kichwa hakikutulia.

"Chai?" mkewe Remigia aliuliza. Kikatikisika.

"Hivi bado unanipenda?" Kikatikisika.

"Nakupenda, mke wangu!" Fulgencio alilalama, kichwa kikikana.

Remigia akamkodolea macho. Mkaguzi wa magofu, aliyekuja kupiga hodi, akachungulia, akafurahi.

"Hapo hapo, mama! Tumeikuza picha, nyuma ya yule bwana kuna mwanamke anamkodolea macho hivyo hivyo."

Remigia akajaribu kupepesa macho. Yakagoma.