Mkataba Uliofutwa

Tulalumba alishinda kesi yake Jumatatu asubuhi. Gwamaka, aliyemuuzia duka la mikate jijini Mbeya, alikuwa ameghushi hesabu za miaka mitano na kubuni wateja ambao hawakuwahi kuwepo. Mahakama ilifuta mauzo.

Kwa sheria ya siku hizo, mkataba wa udanganyifu ulifutwa mpaka ndani ya kichwa. Gwamaka angerudisha fedha, Tulalumba angerudisha duka, kisha wote wawili wangeondolewa kumbukumbu za kila kilichotokana na mauzo hayo.

"Mume wangu nilimpata pale dukani," Tulalumba alimwambia karani. "Alikuja kununua maandazi. Naye ataondolewa?"

"Yeye atabaki, mama. Wewe ndiye hutamkumbuka."

"Basi naiacha kesi."

"Hukumu imeshatoka. Ulitia saini ulipoifungua."

Nyumbani, mumewe Anyosisye alimsikiliza mpaka mwisho, huku akimlisha uji binti yao wa miaka miwili.

"Mara ya kwanza ulinikubali," alisema. "Nitajaribu tena."

Alhamisi alimsubiri nje ya zahanati ya mahakama, walikofutia watu kumbukumbu, amembeba binti. Alikuwa amevaa shati jipya, na maneno ya kujitambulisha ameyakariri tangu alfajiri.

Tulalumba alitoka akitembea polepole. Mtoto alimnyooshea mikono.

"Jamani, mtoto mzuri huyu!" alisema, akimtazama Anyosisye kwa adabu. "Anaitwa nani?"

Mtoto akacheka, akidhani mama yake anamtania.